Falme saba, pesa moja, funguo saba: miaka ya mwanzo ya shirikisho la Falme za Kiarabu

Swali: Maalim, assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Pemba, nimefanya kazi Sharjah na Dubai mwaka wa sita sasa. Kuna jambo bado linanitatiza. Pesa ni moja, pasi ni moja, bendera ni moja. Lakini Dubai ina mahakama zake, kila ufalme una polisi wake na forodha yake, na mafuta ya Abu Dhabi ni ya Abu Dhabi. Hawa waliungana vipi? Ni kweli walitaka wawe tisa? Iliwezekanaje wasivunjike miaka ile ya mwanzo? Na wazee wetu waliofika huko kutoka Unguja baada ya 1964, mbona wengi hawakupata uraia?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kwanza neno moja kuhusu hili jina tulilolizoea. Kiswahili chetu kinasema "falme", ingawa hakuna mfalme hata mmoja kati ya wale saba. Watawala wao ni masheikh, na kila eneo ni imara, yaani nchi ya amiri. Nitaendelea kusema "falme" kwa sababu ndivyo tunavyoelewana, lakini kumbuka kwamba kila mmoja ulikuwa nyumba ya ukoo mmoja, na mwenye nyumba hakupenda kumpa mtu mwingine funguo. Mambo mengi unayoyaona leo yanatoka hapo.

Ni kweli, walikusudia kuwa tisa. Januari 1968 serikali ya Harold Wilson kule London ilitangaza kuwa majeshi ya Uingereza yangeondoka Ghuba ifikapo mwisho wa 1971. Watawala wa pwani ile hawakuwa wameomba jambo hilo. Tangu mapatano ya 1892 Waingereza ndio walioshika mambo yao ya nje, na kila sheikh akabaki na mambo yake ya ndani. Baadhi ya watawala walijitolea hata kulipa gharama za wale askari ili wabaki, London ikakataa. Kwa hiyo hawakukimbilia kuungana kwa kumfukuza mkoloni. Waliachwa peke yao, katikati ya Iran na Saudi Arabia, huku kila mmoja wa majirani hao akiwa na madai ya ardhi au visiwa.

Tarehe 18 Februari 1968 Sheikh Zayed bin Sultan wa Abu Dhabi na Sheikh Rashid bin Saeed wa Dubai walikutana jangwani, mpakani pao, wakakubaliana kuungana wawili. Wakawaalika wengine. Tarehe 27 mwezi huohuo watawala tisa walitia saini Dubai: wale saba unaowajua (Abu Dhabi, Dubai, Sharjah, Ajman, Umm al-Quwain, Ras al-Khaimah na Fujairah), pamoja na Bahrain na Qatar.

Hesabu ya watu ndiyo iliyoanza kuwasumbua. Kwa sensa ya 1968, falme saba kwa pamoja zilikuwa na watu wapatao 180,000. Dubai ilikuwa na kama 59,000, Abu Dhabi kama 46,000, Ajman 4,200 na Umm al-Quwain 3,700. Bahrain peke yake ilikuwa na watu karibu 200,000, ina shule za zamani, ina makarani na wasomi. Bahrain ikataka viti vya baraza vigawanywe kwa idadi ya watu. Wenzao wakaona kwamba wakikubali hilo, Bahrain itakuwa na sauti kubwa kuliko zile falme saba zikijumlishwa. Qatar nayo ilikuwa na ugomvi wa muda mrefu na Bahrain juu ya visiwa vya Hawar. Oktoba 1969 walikutana Abu Dhabi, wakafika hadi kumtaja Zayed kuwa rais, Rashid makamu na mrithi wa Qatar kuwa waziri mkuu. Kisha mwakilishi wa Uingereza akasoma ujumbe wa kuwahimiza. Qatar na Ras al-Khaimah wakaona wanaingiliwa, wakatoka nje ya kikao. Watawala hawakukaa tena wakiwa tisa.

Juu ya Bahrain kulikuwa pia na dai la Iran, nalo lilikwisha 1970 pale ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipothibitisha kuwa watu wa Bahrain wanataka nchi yao wenyewe. Dai lilipoondoka, haja ya kujificha nyuma ya muungano nayo ikapungua. Bahrain ilitangaza uhuru wake Agosti 1971, Qatar Septemba. Kwa maoni yangu, kuondoka kwa wale wawili kuliliokoa shirikisho. Tisa wangekuwa na vichwa vitatu au vinne vinavyolingana, kila kimoja kikivuta kwake. Sita waliobaki walikuwa na mwenye mali mmoja, Abu Dhabi, na mwenye biashara mmoja, Dubai, na wote walijua kwamba wawili hao wakielewana kazi imekwisha.

Nimesema sita, kwa sababu Ras al-Khaimah haikuwemo siku ya mwanzo. Katiba ya muda ilikubaliwa na falme sita tarehe 18 Julai 1971, na tarehe 2 Desemba mwaka huo shirikisho likatangazwa Dubai, mtaa wa Jumeirah. Ras al-Khaimah ilikataa kwa sababu mbili. Mtawala wake, Sheikh Saqr bin Muhammad al-Qasimi, alitaka awe na kura ya turufu kama Abu Dhabi na Dubai. Tena alikuwa akitarajia mafuta yapatikane kwake, na mtu anayetarajia mafuta hana haraka ya kusaini. Mafuta ya kutosha hayakuonekana. Kisha tarehe 30 Novemba 1971, siku mbili kabla ya kutangazwa shirikisho, majeshi ya Iran yalivichukua visiwa vya Tunb Kubwa na Tunb Ndogo vilivyokuwa vyake, na kuingia Abu Musa kwa makubaliano na Sharjah. Waingereza, ambao mkataba wao wa ulinzi ulikuwa umebakiza saa chache, hawakupigana. Sheikh Saqr aliona maana ya kuwa peke yake, na Februari 1972 Ras al-Khaimah ikaingia, bila ile turufu aliyoitaka.

Sasa tazama katiba yenyewe, maana majibu ya maswali yako mengi yamo humo. Juu kabisa liliwekwa Baraza Kuu la watawala, kila ufalme kura moja. Lakini uamuzi wa jambo zito unahitaji kura tano, na katika hizo tano lazima iwemo ya Abu Dhabi na lazima iwemo ya Dubai. Hivyo yeyote kati ya wawili hao anaweza kusimamisha jambo, na watano wengine hawawezi kuwaburuta. Pia wawili hao hawawezi kuamua peke yao. Lazima wapate watatu. Baraza Kuu humchagua rais kwa miaka mitano kutoka miongoni mwa watawala wenyewe. Chini yake kuna mawaziri, halafu Baraza la Taifa la Shirikisho lenye wajumbe 40: Abu Dhabi na Dubai nane kila mmoja, Sharjah na Ras al-Khaimah sita sita, Ajman, Umm al-Quwain na Fujairah wanne wanne. Baraza hilo hushauri. Halitungi sheria kwa nguvu yake. Na kila ufalme uliachiwa uamue wenyewe namna ya kuwapata wajumbe wake.

Kisha ikaja orodha ya mambo ya shirikisho: mambo ya nje, ulinzi, uraia na pasi, posta na simu, sarafu, elimu, afya. Kisichotajwa kikabaki kwa kila ufalme. Kifungu cha 23 ndicho cha roho: maliasili zilizomo katika kila ufalme ni mali ya ufalme huo. Mafuta yaliyo chini ya ardhi ya Abu Dhabi hayakuwahi kuwa ya shirikisho hata siku moja. Katiba ikasema tu kwamba kila ufalme utachangia sehemu ya mapato yake kwenye bajeti ya pamoja, bila kuandika ni kiasi gani. Waliokuwa wakiiandika walijua wanachokiacha wazi. Wangeandika asilimia, Dubai isingesaini.

Sisi wa kwetu tuna kipimo cha kulinganishia. Hati za Muungano za 1964 kati ya Tanganyika na Zanzibar zilianza na mambo 11, na leo orodha ndani ya Katiba ya 1977 ina 22. Ugomvi wetu mkubwa umekuwa ni orodha kukua. Kule Ghuba orodha ilianza ikiwa ndefu kwenye karatasi, lakini utekelezaji ukaja polepole, jambo moja moja, kila ufalme ukikabidhi pale ulipokuwa tayari au ulipolazimika. Ndiyo maana ukiisoma katiba ya 1971 utadhani shirikisho lilizaliwa na meno yote. Ukweli ni kwamba yaliota kwa miaka 25.

Jaribio la kwanza lilikuja wiki ya nane. Mwishoni mwa Januari 1972 mtawala wa zamani wa Sharjah, Saqr bin Sultan, aliyeondolewa 1965, alirudi na watu wenye silaha, wakaingia ikulu na kumuua Sheikh Khalid bin Muhammad. (Huyu Saqr si yule wa Ras al-Khaimah, majina ya ukoo wa Qasimi yanachanganya hata wenyeji.) Shirikisho lilikuwa na jeshi dogo tu, Kikosi cha Ulinzi cha Umoja, ambacho wiki chache nyuma kilikuwa kikosi cha Waingereza kilichoitwa Trucial Oman Scouts, askari wasiofika 2,000. Kikosi hicho kiliizingira ikulu, Saqr akajisalimisha. Lililofuata lina uzito mkubwa. Serikali ya shirikisho haikumteua mtawala wa Sharjah. Iliuachia ukoo wa Qasimi uchague, nao ukamchagua mdogo wake marehemu, Sultan bin Muhammad, aliyekuwa Waziri wa Elimu katika baraza la kwanza la mawaziri. Watawala wengine wakaona mambo mawili kwa mpigo: kwamba shirikisho litamlinda mtawala dhidi ya mapinduzi, na kwamba halitaitumia nafasi hiyo kuingiza mkono wake nyumbani kwake. Sidhani kama kuna siku iliyojenga imani zaidi ya ile.

Mwaka huohuo watu wa Fujairah na watu wa upande wa Kalba, ambao ni wa Sharjah, walipigana kwa ajili ya kipande cha ardhi, watu wakafa, na kikosi kikaenda kuwatenganisha. Ukitazama ramani utaelewa. Mipaka ya ndani ilichorwa miaka ya 1950 na ofisa wa Kiingereza, Julian Walker, aliyezunguka akiwauliza wazee ni kabila gani linalipa zaka kwa sheikh gani. Matokeo yake ni vipandevipande: Hatta ni ya Dubai ingawa iko mbali milimani, Ajman ina Masfout na Manama, na ndani ya Madha, ambayo ni ya Oman, kuna kijiji cha Nahwa ambacho ni cha Sharjah. Mipaka ya namna hiyo haitatuliwi kwa kifungu cha katiba. Ilitatuliwa kwa vikao, mara nyingi Zayed akiwa msuluhishi, na mara nyingi pesa za Abu Dhabi zikijenga barabara au kisima pale palipokuwa na ugomvi.

Pesa ndiyo iliyoshika kila kitu, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Abu Dhabi ilianza kuuza mafuta nje 1962, Dubai 1969, Sharjah 1974. Ajman, Umm al-Quwain na Fujairah hazikuwa na mafuta ya kuuza. Baadhi ya falme ndogo zilikuwa zikipata fedha kwa kuuza stempu za posta zenye picha za kupendeza kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, stempu ambazo hazikuwahi kubandikwa barua yoyote huko kwao. Agosti 1972 posta ikawa ya shirikisho, na mwanzoni mwa 1973 zikatoka stempu za nchi nzima. Jambo dogo, lakini kwa sheikh wa Ajman lilikuwa kukabidhi pato la kweli, naye akalikabidhi kwa kuwa shule, zahanati na umeme vilikuwa vinakuja kutoka bajeti ya shirikisho. Na bajeti hiyo, katika miaka ya mwanzo, karibu yote ilitoka mfuko wa Abu Dhabi. Dubai ilichangia kidogo. Kisha kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya mafuta ilipanda kutoka kama dola 3 kwa pipa hadi karibu 12. Laiti bei ingeshuka mwaka ule badala ya kupanda, sijui kama ningekuwa nakuandikia juu ya nchi hii. Walioungana wakiwa maskini kwa kawaida hugombania kilichopo. Hawa walipata cha kugawana kabla hawajamaliza kujadili nani alipe.

Sarafu ilichukua mwaka mmoja na nusu. Kabla ya hapo pwani yote ilitumia rupia ya Ghuba iliyotolewa India, sawa na wazee wetu walivyotumia rupia Unguja na Mombasa. India ilipoishusha thamani ya rupia 1966, kila mmoja alikimbilia kwake: Abu Dhabi ikachukua dinari ya Bahrain, Dubai na wenzake wakatumia riali ya pamoja na Qatar. Kwa hiyo shirikisho lilizaliwa na pesa mbili, na hakuna iliyokuwa yake peke yake. Tarehe 19 Mei 1973 ilitoka dirham, chini ya Bodi ya Sarafu: riali moja kwa dirham moja, dinari moja kwa dirham kumi. Hesabu nyepesi ambayo muuza samaki wa Deira, pale Dubai, angeweza kuifanya kichwani. Hiyo ilisaidia sana. Kilichokosekana ni benki kuu. Bodi ilitoa noti lakini haikuwa na nguvu ya kutosha kuzidhibiti benki za biashara, na kila ufalme ulikuwa ukiruhusu benki zifunguliwe kwake. Zikazagaa kuliko wateja, na 1977 baadhi zikakwama na kufungwa. Benki Kuu ilikuja 1980 tu.

Katika kipindi hicho kulikuwa na hatua ambayo watu wengi huiruka, nami naiona kubwa. Abu Dhabi ilikuwa na baraza lake la mawaziri. Hivyo mjini Abu Dhabi kulikuwa na mawaziri wa Abu Dhabi na mawaziri wa shirikisho, wizara mbili kwa kazi moja. Desemba 1973 Zayed alilivunja baraza la Abu Dhabi na kuwaingiza watu wake katika serikali ya shirikisho, akabakiza Baraza la Utendaji kwa mambo ya nyumbani. Mkubwa ndiye aliyeanza kutoa. Miaka miwili baadaye, Novemba 1975, Sharjah ikaiacha bendera yake na kupandisha ya shirikisho, na kukabidhi jeshi, polisi na mahakama zake. Fujairah nayo ikafuata njia hiyo katika bendera. Dubai na Ras al-Khaimah hazikufuata, na ndiyo sababu hadi leo mahakama za Dubai na za Ras al-Khaimah ni zao wenyewe, ilhali za Sharjah zilikuwa za shirikisho kwa miaka mingi. Miaka hiyo ukishitakiwa Sharjah na jirani yako akishitakiwa Dubai, kilomita chache tu kati yenu, mliingia katika mifumo miwili.

Jeshi lilikuwa jambo gumu kuliko yote. Katiba ya 1971 iliruhusu kila ufalme uwe na askari wake. Abu Dhabi ilikuwa na jeshi kubwa kuliko la shirikisho, Dubai ikaunda lake, na kila mmoja akanunua silaha kwa muuzaji anayempenda, redio zisisikilizane na risasi zisiingiliane. Tarehe 6 Mei 1976 walikubaliana kuyaunganisha. Katikati ya mwaka huo rasimu ya katiba ya kudumu, iliyotungwa na kamati ya watu 28, ilikataliwa na Baraza Kuu, na ile ya muda ikaongezwa miaka mitano. Zayed akasema hataki tena urais. Hilo halikuwa tishio la maneno matupu, kwani bila Abu Dhabi hakuna bajeti. Novemba 1976 wakakubali kubadilisha kifungu cha 142: haki ya kuwa na majeshi ikawa ya shirikisho pekee. Zayed akabaki.

Lakini kifungu ni kifungu na kambi ni kambi. Mwanzoni mwa 1978 Zayed alimteua mwanawe Sultan kuwa kamanda mkuu na kuzifuta kamandi za maeneo. Sheikh Rashid wa Dubai hakuulizwa. Dubai na Ras al-Khaimah zikakataa amri, na Dubai ikaendelea na jeshi lake chini ya jina la kamandi ya kati. Jeshi hilo halikuingia kwa ukamilifu mpaka miaka ya 1990. Kosa la hapa ni la utaratibu: jambo zito lilifanywa kwa amri ya rais bila kupitia watawala wenzake, katika nchi iliyosimama juu ya mashauriano. Hata wale waliokubali kwamba jeshi liwe moja hawakukubali namna hiyo.

Ndipo ukaja mwaka 1979, ambao kwangu ndio mwaka wa kuzaliwa kwa mara ya pili. Shah wa Iran alikuwa ameanguka, ng'ambo ya maji kukiwa na mapinduzi. Baraza la Taifa na Baraza la Mawaziri yakaandika waraka wa pamoja kwa watawala: yaondolewe mageti ya ndani, jeshi liwe moja kweli, mapato ya mafuta yaingie mfuko mmoja. Machi, maelfu ya watu, wengi wao wanafunzi, waliandamana kuunga mkono waraka huo, jambo ambalo nchi ile haijalizoea. Dubai ikajibu kwamba hayo yanakiuka misingi waliyokubaliana, maana walisaini shirikisho, hawakusaini serikali moja. Dubai na Ras al-Khaimah zikasusa vikao. Kuwait ikatuma wapatanishi.

Njia iliyopatikana inafaa kusomwa na kila anayezungumzia shirikisho la Afrika Mashariki. Hawakumlazimisha Rashid akubali waraka. Walimpa kazi. Mwanawe, Maktoum, aliyekuwa waziri mkuu tangu 1971, alijiuzulu, na Rashid mwenyewe akashika uwaziri mkuu huku akibaki makamu wa rais. Aliyekuwa akilalamika kwamba serikali ya shirikisho inapoteza pesa ndiye akawa mwenye kuiendesha. Abu Dhabi na Dubai zikaahidi kila mmoja nusu ya mapato yake ya mafuta kwa bajeti ya pamoja. Ahadi ya nusu haikutekelezwa kwa ukamilifu upande wa Dubai, lakini vikao vilirudi, na mawaziri wakafanya kazi. Yaliyodaiwa na waraka mengine hayakufanywa kabisa. Vijana walioandamana walivunjika moyo, nami nawaelewa, maana hoja zao zilikuwa sahihi. Ila shirikisho lilibaki.

Gharama ya njia hiyo unaiona kila siku. Kati ya 1976 na 1977 Ras al-Khaimah na Sharjah zilifungua viwanja vyao vya ndege vya kimataifa, zaidi ya vile vya Dubai na Abu Dhabi, na Fujairah ikafuata 1987. Bandari nazo hivyohivyo. Hakuna aliyetaka abiria au kontena lake lipite kwa jirani. Forodha katiba iliiandika kuwa ya umoja tangu mwanzo, lakini kila ufalme uliendelea na idara yake, na mamlaka ya forodha ya shirikisho ilikuja miaka ya 2000. Makao makuu yalipangwa yajengwe mpakani pa Abu Dhabi na Dubai katika muda wa miaka saba, mji uitwe Karama, haukujengwa. Mwaka 1996 walipoamua katiba iwe ya kudumu, kazi kubwa ilikuwa kulifuta neno "muda" na kuiandika Abu Dhabi kuwa mji mkuu. Na kwa majirani, mkataba wa Jeddah wa Agosti 1974 uliwapatia utambuzi wa Saudi Arabia, kwa bei ya ukanda wa pwani upande wa Qatar na eneo lenye kisima kikubwa cha mafuta kusini.

Sasa la wazee wetu. Sheria ya uraia, namba 17 ya 1972, ilimhesabu raia kwa asili Mwarabu aliyekuwa akiishi katika mojawapo ya falme tangu 1925 au kabla, na akaendelea kuishi huko mpaka sheria ilipoanza. Sasa piga hesabu. Familia iliyotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ilikuwa na miaka minane tu Dubai. Hata kama babu yao alitoka pwani ileile kwenda Zanzibar kwa jahazi, mwaka 1925 jina lake lilikuwa katika daftari za Unguja. Wengi walikwenda Oman baada ya Sultan Qaboos kushika utawala 1970, kwa sababu huko mlango ulikuwa wazi zaidi kwa wenye asili ya Oman. Waliobaki Dubai walitakiwa waombe uraia wa kuandikishwa, na hapo tena funguo zilikuwa saba. Uraia ni jambo la shirikisho, lakini ushahidi wa kuwa wewe ni mtu wa mahali ulitoka kwa ufalme: kitabu cha familia wanachokiita khulasat al-qaid. Mtu angeweza kuwa na pasi mkononi bila kitabu hicho, na bila kitabu akabaki nje ya mengi anayopewa raia kamili. Familia mbili zilizoshuka jahazi moja, moja ikajulikana kwa sheikh wa mtaa na nyingine isijulikane, zingeishia na karatasi tofauti. Baadhi ya wasio na uraia, wenye asili ya Zanzibar wakiwamo, baadaye walipewa pasi za Komoro, nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuikanyaga.

Kwa hiyo kama una jamaa anayefuatilia suala lake, asianze kwa kuuliza sheria ya shirikisho inasemaje. Aulize kwanza jina la babu yake limeandikwa katika daftari la ufalme upi, mwaka gani, na nani anaweza kulishuhudia.